Kibanja Mbele ya Mahakama: Talaka, Malezi ya Watoto na Mgawanyo wa Mali ya Ndoa

Ndoa Tanzania Bara huvunjwa na mahakama. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliziweka ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali chini ya utaratibu mmoja wa talaka, hivyo kikao cha ukoo au kauli ya mume peke yake haimalizi ndoa mbele ya sheria. Mwanamke aliyerudi kwao Muleba, mkoani Kagera, akakaa miaka kumi bila hukumu bado ni mke wa mtu.

Safari huanzia kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Iwe Nshambya, katika Manispaa ya Bukoba, au kata nyingine yoyote, baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Kazi yake ni kupatanisha. Halivunji ndoa wala haligawi shamba, hata pale wajumbe wanapojisahau wakafanya hivyo. Likishindwa hutoa hati, na hati hiyo huambatishwa kwenye ombi la talaka ikiwa haijapitisha miezi sita. Barua ya mwenyekiti wa mtaa isemayo kwamba wawili hawa wameshindwana si hati hiyo. Baraza huweza kurukwa kwa sababu chache, kwa mfano mwenzi ametoroka na hajulikani aliko. Ndoa isiyofikisha miaka miwili nayo haipelekewi ombi la talaka bila ruhusa ya mahakama.

Mahakama, kuanzia ya mwanzo, hujiuliza swali moja: je, ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika? Uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekezwa kwa makusudi na kutengana kwa hiari kwa miaka mitatu ni baadhi ya ushahidi unaopokelewa. Kwa Waislamu, talaka iliyotolewa kwa taratibu za dini baada ya baraza kushindwa kupatanisha huifanya mahakama ikiri kwamba ndoa imevunjika.

Kuhusu watoto, mila ya Wahaya, wenyeji wa Bukoba na Muleba, ni ya upande wa baba: mtoto ni wa ukoo wa babaye. Sheria ya Ndoa na Sheria ya Mtoto ya 2009 huanzia kwingine, kwenye ustawi wa mtoto mwenyewe. Aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa anafaa kukaa na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Aliyekua kiasi cha kuwa na mawazo yake husikilizwa. Mila huzingatiwa, lakini haiamui peke yake. Baba asiyekaa na watoto bado anadaiwa chakula, mavazi, makazi na elimu yao. Kumwachia mama watoto si kumwachia gharama.

Ugomvi mkubwa Bukoba na Muleba ni kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, au kuiuza na kugawa fedha. Vigezo vyake ni mila ya jamii husika, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyoingiwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto; baada ya hayo mahakama huelekea kwenye usawa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu, kwa kuwa alionekana ametapanya fedha alizopewa na mumewe kwa manufaa ya familia. Kanuni ilibaki.

Mume hujibu kwamba kibanja alikirithi kabla ya kuoa. Jibu hilo halitoshi. Kifungu hichohicho kinaingiza kwenye mgawanyo mali ya kabla ya ndoa iliyoendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzi mwingine au kwa nguvu za wote wawili. Migomba na mibuni haistawi kwa kurithiwa tu: kuna samadi ya kubeba na nyasi za kukata kwenye rweya, yaani uwanda wa nyasi, na kutandaza shambani, msimu hata msimu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hupita mikononi mwa wanawake. Wala neno "ukoo" si kufuli. Mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory lililoanzia Muleba, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliikataa kanuni ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, kwa kuwa ilikuwa ya kibaguzi. Wanaukoo waliachiwa njia ya kuikomboa ardhi kwa kulipa bei iliyouziwa.

Haki hii, hata hivyo, hufuata ushahidi. Anayedai lazima aonyeshe alichofanya: majirani walioona miche ikipandwa, stakabadhi za mauzo ya kahawa, risiti za mabati na saruji. Kibanja kisipogawanyika bila kuharibika, mmoja huweza kubaki nacho akamlipa mwenzake thamani ya fungu lake. Asiyeridhika na hukumu ana siku 45 za kukata rufaa.