Sekretere na mwenye kabine: nani alipwe nini?

(Maneno ya kamati kwenye mkutano mkuu wa wanachama, Pepa)

 

Wengi wetu tulipanda meli kule Mpulungu, kuanzia 2007, tukashuka Moba, halafu tukapanda Marungu. Chama kilianza kwa kuzikana na kugawana mbegu. Leo kiko na vijana wawili wa kazi, na manung'uniko yako. Tuyaseme hapa, tusiyaache sokoni.

Wa kwanza ni sekretere. Anaandika michango, anapokea mama aliye na shida, anatengeneza barua za Kifaransa na ripoti za wafadhili. Tunamupa kitu kidogo. Miezi mingine tunamupa aksanti tu. Wa pili anakaa kabine ya pesa za simu, tuliyofungua kwa mtaji wa wafadhili. Hana mshahara: anachukua nusu ya komisio, nusu inabaki kwa chama. Siku ya soko, watu wakiuza maharagwe na ng'ombe, anapata vizuri. Ndiyo sababu watu wanasema: anayeandika anateseka, wa simu anakula.

Sisi kamati tulifungua daftari zote mbili.

Tuliona kwamba komisio siyo mshahara. Mtandao ukikatika, hakuna kitu. Mvua ikiharibu barabara, soko linalala, naye analala. Akituma kwenye namba ya kosa, ao akipokea noti ya uongo, analipa yeye. Pesa za mkononi zikiisha, wateja wanaenda kwa jirani. Kuko miezi alipata chini ya sekretere. Hiyo watu hawaioni.

Lakini sekretere naye, kosa lake moja kwenye daftari linaweza kuvunja chama. Wote wawili kazi yao ni kupokea watu na kuandika bila kukosea. Sheria ya kazi ya 2002 inasema: kazi sawa, ujuzi sawa na matokeo sawa, mshahara sawa, bila kuangalia mutu ametoka wapi, ni mwanamume ao mwanamke. Mwaka 2018 serikali iliweka mshahara wa chini wa franka 7 075 kwa siku. Kwa siku 26 ni 183 950. Mwaka 2025 ukapandishwa tena. Sisi hatufiki hata kwenye ile ya 2018, kwa sekretere wala kwa kabine. Hatufichi.

Basi tunaleta mambo matatu:

1. Sekretere apate kiasi kimoja kila mwezi, kitoke kwenye nusu ya chama, mbele ya matumizi mengine yote.
2. Wa kabine awe na kiasi cha chini cha hakika. Mwezi mubaya chama kinajazia. Mwezi muzuri anaendelea na nusu yake.
3. Hasara ikiandikwa siku ile ile, chama kibebe nusu.

Wafadhili wetu, munatuma pesa ya mbegu na ya shule, na tunawashukuru. Lakini yule anayewaandikia ripoti hajawekwa kwenye bajeti hata siku moja. Tunaomba mumuweke.

Na ninyi wanachama, musipige kura kwa sababu kijana ni wa ukoo wenu. Tulirudi wote mikono mitupu. Tusianze sisi kwa sisi kutumikisha watoto wetu bure.

Anayekubali ainue mukono.