Mzigo Mzito Katika Tela: Wajibu wa Chama

(Hotuba ya Mkaguzi wa Ushirika kwa Makatibu na madereva wa vyama vya msingi)



Kazi yangu ni kukagua vitabu. Lakini kila kinachoanguka barabarani hatimaye huingia vitabuni, nacho hulipwa na mkulima ambaye hakuwapo siku ya kupakia. Uhai wa mpakiaji ndio usiokuwa na safu katika daftari.

Kwanza, pimeni. Mifuko 60 ya mbolea ya kilo 50 ni tani 3 kamili. Tela lililoundwa kuchukua tani 3 halina nafasi ya mfuko wa 61.

Pili, pangeni. Kilicho kizito kikae chini, katikati ya upana. Katika tela la magurudumu mawili, uzito uzidi kidogo mbele ya ekseli. Ukielemea nyuma, huinua ndoano ya trekta, na magurudumu ya trekta hupoteza nguvu ya kushika ardhi.

Tatu, fungeni. Wengi husema, "Injini hii ni nzito, haitikisiki." Hilo ni kosa. Trekta lishikapo breki, mzigo hutaka kuendelea na safari, na kadiri ulivyo mzito ndivyo ulivyo mgumu kuzuilika. Kanuni za Ulaya na za Marekani hudai mzigo uzuiwe kwa asilimia 80 ya uzito wake upande wa mbele, na asilimia 50 ubavuni na nyuma. Basi injini ya kusagia ya kilo 500 yataka kizuizi cha kilo 400 mbele, na 250 kila upande uliobaki. Kamba ya katani iliyochakaa haitoshi. Tumieni minyororo iliyoshikizwa kwenye chuma cha tela, si kwenye mbao za ubavuni, pamoja na kabari zilizopigiliwa sakafuni.

Nne, kagueni tena. Baada ya kilomita chache dereva asimame na kukaza vifungo. Afikapo mteremkoni, aingize gia ndogo kabla ya kuanza kushuka.

Najua wapakiaji huambiwa waukalie mzigo ili usitikisike. Ndugu zangu, binadamu si kamba. Naziomba Halmashauri ziamue kwamba Katibu asitie sahihi hati ya mzigo mpaka ameviona vifungo kwa macho yake, na mpaka hakuna mtu juu yake.