Mtoto wa Nyoka: Maadili ya Mashambulizi ya Anga Yanayoua Familia ya Dikteta



Jumamosi usiku, tarehe 30 Aprili 2011, mabomu ya NATO yaliangukia nyumba ya kuishi jijini Tripoli. Serikali ya Libya ilitangaza kwamba waliokufa ni Saif al-Arab, mtoto wa Muammar Gaddafi aliyekuwa na umri wa miaka 29, na wajukuu watatu wa Gaddafi, wote watoto wadogo. Gaddafi mwenyewe na mkewe, kwa maelezo ya serikali hiyo, walikuwamo ndani na wakatoka wazima. Waandishi wa habari waliopelekwa pale walikuta saa ya jikoni imesimama saa mbili na dakika nane, masufuria yana chakula, na nje bustanini kuna meza ya kuchezea mpira wa kuzungusha vijiti. Usiku huohuo, mjini Benghazi, ngome ya waasi, risasi zilipigwa hewani kwa furaha. Wenye furaha ile walikuwa na sababu zao, nami nitazieleza kwa heshima. Ila mada hii inahusu ile meza ya bustanini, na swali ambalo waliopanga shambulio walipaswa kujiuliza kabla ndege hazijaruka.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna methali inayotoa jibu la haraka mno: mtoto wa nyoka ni nyoka. Huitumia mtu anapotaka kuonya kwamba tabia hurithiwa, na katika mazungumzo ya kawaida haina madhara makubwa. Ikiingia katika chumba cha kupangia vita, inaua. Hoja yangu ni hii: wanafamilia wa dikteta wasiobeba silaha wala kutoa amri wana uzito uleule wa raia mwingine yeyote, na uzito huo haupungui hata chembe kwa sababu ya jina la ukoo. Zaidi ya hapo, kwa kuwa nyumba ya mtawala ndiyo nyumba inayojulikana kuliko zote kwamba ina wake, watoto na wajukuu, anayeamua kuipiga anabeba mzigo mkubwa zaidi wa kujieleza kuliko anayepiga kambi ya jeshi. Katika kisa cha Tripoli, mzigo huo haukubebwa.

Nisieleweke kwamba namtetea Gaddafi. Mwezi Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya Libya ilidondosha mabomu Mwanza, na askari wake walipigana upande wa Idi Amin. Mtanzania hahitaji kufundishwa na mtu wa nje ukatili wa mabomu ya Gaddafi. Kwa Walibya wenyewe hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwezi Juni 1996, wafungwa wapatao 1,200 waliuawa katika gereza la Abu Salim, na kwa miaka kadhaa familia hazikuambiwa lolote. Kuna waliozoea kupeleka chakula na nguo getini kwa mtoto aliyekwisha kufa, na askari wakavipokea. Mwaka 1997 utawala huo ulipitisha kile ulichokiita mkataba wa heshima, ulioruhusu kuziadhibu kwa pamoja jamii zilizowaficha au kukataa kuwataja wapinzani. Yaani kosa la mmoja lilihamia kwa ndugu zake kwa mujibu wa sheria. Na maandamano yaliyoanza Benghazi Februari 2011 yaliwashwa na kukamatwa kwa wakili wa familia za waliouawa Abu Salim. Mapinduzi ya Libya yalianza na ndugu waliokataa kulipishwa damu isiyo yao. Ndiyo maana inauma kuona vita vilivyoingiliwa kwa jina lao vikizichukulia roho za wajukuu wa mtawala kama tanbihi ya ushindi.

Sheria ya vita haina utata mkubwa hapa. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, inayoongezea Mikataba ya Geneva, inataka pande zinazopigana zitofautishe raia na wapiganaji wakati wote. Panapokuwa na shaka juu ya mtu, ahesabiwe raia. Shambulio linalotarajiwa kuua raia kwa kiasi kinachozidi faida ya kijeshi ya moja kwa moja ni haramu, hata kama shabaha yenyewe ni halali, na mpangaji anatakiwa achukue kila tahadhari inayowezekana. Hakuna kifungu kinachompunguzia mtoto kinga kwa sababu ya babu yake. Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama, lililopitishwa tarehe 17 Machi 2011 kwa kura 10 huku nchi tano zikijizuia, liliruhusu hatua zote za lazima za kuwalinda raia. Neno ni hilohilo, raia. Kamanda wa operesheni ya NATO, Luteni Jenerali Charles Bouchard wa Kanada, alisema kilichopigwa ni jengo linalojulikana la kuongozea vita, kwamba NATO hailengi watu binafsi, na kwamba inasikitikia kila uhai unaopotea. Tuchukue kwamba alisema kwa nia njema. Bado maneno hayo yanaacha pengo. Kama jengo lilijulikana, basi na waliolala ndani walipaswa kujulikana, au angalau kutafutwa. Taarifa iliyotolewa haikuonyesha ni amri gani za vita zilizokuwa zikitoka nyumba ile, wala ni hesabu gani iliyofanywa kuhusu wakazi wake. Anayedai haki ya kubomoa nyumba ya watu usiku hawezi kuutaka umma umwamini hivihivi.

Ugumu unaongezeka tukikumbuka kwamba wiki mbili kabla ya shambulio, Barack Obama, David Cameron na Nicolas Sarkozy walichapisha makala ya pamoja wakisema kazi waliyopewa si kumwondoa Gaddafi kwa nguvu, na papo hapo wakasema mustakabali wa Libya yenye Gaddafi madarakani haufikiriki. Mwanajeshi anayesoma makala hiyo anaambiwa mambo mawili kwa wakati mmoja. Si mara ya kwanza. Aprili 1999 NATO ilipiga makazi ya Rais wa Yugoslavia, Slobodan Milošević, jijini Belgrade, na maelezo yakawa yaleyale, kwamba ni kituo cha amri; bahati familia haikuwamo. Mtindo huu wa kuita nyumba kituo cha amri unampa mshambuliaji nafasi ya kumwinda mtu bila kukiri kwamba anamwinda. Kimaadili ni heri mtu aseme wazi kwamba anamtaka mtawala mwenyewe, kwa kuwa ana majeshi chini yake na ni shabaha halali vitani, kisha akubali kuulizwa: kwa gharama ya uhai wa nani mwingine?

Hoja ya kwanza inayoletwa kunipinga ni kwamba dikteta ndiye anayejificha nyuma ya wajukuu, hivyo damu yao iko mikononi mwake. Ina ukweli ndani yake. Mtawala anayelala na watoto huku akiongoza vita anawahatarisha, na lawama yake ni kubwa. Ila lawama haigawanywi kama mkate, kwamba kipande alichochukua mmoja kimempungukia mwingine. Itifaki hiyohiyo inasema kwamba upande mmoja ukiwatumia raia kama ngao, upande wa pili haufunguliwi majukumu yake kwa raia hao. Polisi anayemkuta jambazi amemshika mtoto benki hapigi risasi kupitia kifua cha mtoto kisha akasema jambazi ndiye mwuaji. Halafu kuna jambo linalosahaulika kirahisi: babu kuwa na wajukuu nyumbani Jumamosi jioni si lazima iwe mbinu ya kivita. Ndivyo familia zinavyoishi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na nawaomba washiriki waipe muda. Inasema kwamba mtawala mmoja akiondoka, vita vinakwisha, na maelfu wanapona. Wakati ule mji wa Misrata ulikuwa umezingirwa na majeshi ya Gaddafi, makombora yakiangukia mitaa ya watu. Kwa nini mtoto wa Misrata afe ili mjukuu wa Gaddafi aishi? Swali hili linastahili jibu la heshima, nalo linaanza na kumbukumbu za vita zenyewe. Human Rights Watch ilipochunguza vita vya Iraq vya mwaka 2003, ilikuta kwamba mashambulizi ya anga 50 yaliyowalenga viongozi wa Iraq hayakumpata hata mmoja wa waliolengwa, ilhali raia wengi walikufa. Sababu mojawapo ilikuwa ya kiufundi kabisa: walilengwa kwa mawimbi ya simu zao za satelaiti, ambayo yaliweza kukosea mahali kwa mita 100. Katika mtaa wenye nyumba zilizobanana, mita 100 ni kaya nyingi. Tarehe 7 Aprili 2003, katika mtaa wa Mansour jijini Baghdad, mabomu manne yenye uzito wa takriban kilo 900 kila moja yaliangushwa kumtafuta Saddam Hussein. Raia 18 walikufa. Saddam alikamatwa Desemba akiwa hai, na waliomkamata ni askari wa miguu. Tripoli nako, tangu mabomu ya 30 Aprili hadi kifo cha Gaddafi huko Sirte tarehe 20 Oktoba, ilipita karibu miezi sita. Shambulio halikufupisha vita. Lilileta hasira mitaani, balozi za Uingereza na Italia zikavamiwa, na wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa wakaondoka jijini, hata wale ambao wangeweza kuwafikishia raia msaada. Siku ileile ya shambulio, mapema asubuhi, Gaddafi alikuwa ametoa hotuba akitaka mapigano yasitishwe na mazungumzo yaanze. Huenda hakuwa mkweli. Waliompinga hawakumwamini, na walikuwa na haki ya kutomwamini. Kamati ya marais ya Umoja wa Afrika, ambamo Uganda ilikuwa mwanachama, nayo ilikuwa imepeleka mpango wake wa amani Tripoli na Benghazi wiki tatu kabla na ukakataliwa na waasi. Ninachosema ni chembamba zaidi: anayeua mtoto kwa ahadi ya kuokoa maelfu anatakiwa awe na sababu madhubuti ya kuamini kwamba kifo hicho kitawaokoa kweli, na kumbukumbu za mashambulizi ya aina hii zinamnyima sababu hiyo.

Wapo pia wasemao kwamba familia ya dikteta ndiyo utawala wenyewe, wana vyeo, mali na vikosi. Kwa baadhi yao ni kweli. Khamis, mwana wa Gaddafi, aliongoza Brigedi ya 32 ya jeshi, na nduguye Mutassim alikuwa mshauri wa usalama wa taifa. Hao walijiingiza vitani kwa miguu yao. Lakini angalieni jinsi sheria ilivyoweza kuchambua ndani ya ukoo mmoja. Tarehe 27 Juni 2011, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati za kuwakamata watu watatu: Gaddafi, mkuu wake wa ujasusi Abdullah al-Senussi, na mwana mmoja tu, Saif al-Islam, kwa matendo aliyotuhumiwa kuyafanya yeye mwenyewe. Wana wengine hawakuguswa na hati hizo. Ni kweli kwamba Azimio namba 1970 la Baraza la Usalama, la Februari 2011, lilimzuia Saif al-Arab kusafiri, na sababu iliyoandikwa ilikuwa ukaribu wake na utawala. Mtu anaweza kubishana kama hiyo ni haki. Hata hivyo marufuku ya kusafiri huondolewa kwa saini. Aliyefukiwa na kifusi hafufuliwi na azimio. Na hata tukikubali kila baya lililowahi kusemwa juu ya kijana huyo, wale watoto watatu wanabaki palepale, bila cheo, bila mali, bila kikosi.

Ukitaka kujua kama jina la ukoo lilishusha uzito wao, linganisha na kilichofuata mahali pengine. Ndege za Marekani zilipopiga ubalozi wa China jijini Belgrade Mei 1999 na kuua watu watatu, Marekani iliomba radhi, ikatoa maelezo ya kosa, ikalipa familia na ikalipia jengo. Kwa Libya, tume ya Umoja wa Mataifa iliyotoa ripoti Machi 2012 iliyataja mashambulizi matano ya NATO yaliyoua raia 60. Human Rights Watch ilihesabu raia 72 katika matukio manane, wakiwemo watoto 24. Moja lilikuwa la Surman, tarehe 20 Juni 2011, kwenye makazi ya Khweldi al-Hamidi, swahiba wa Gaddafi tangu mapinduzi ya 1969 yaliyomweka madarakani. Mzee alipona. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo mke mjamzito wa mwanawe na watoto wao. Mwana huyo alikwenda mahakamani Ubelgiji, nchi yenye makao makuu ya NATO, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa jijini Brussels ilikubaliana na ile ya chini kwamba NATO ina kinga na haiwezi kushtakiwa. Kesi haikufika hata hatua ya kuuliza nani alikuwa ndani ya nyumba na nani alijua.

Nigeria, Afrika Kusini na Gabon zilipiga kura ya ndiyo kwa Azimio 1973, na kura hizo tatu zilikuwa za lazima, kwa sababu bila ya kura tisa azimio halipiti. Nchi zetu zitapewa tena nafasi ya namna hiyo katika Baraza la Usalama, juu ya mtawala mwingine mwenye mikono yenye damu na nyumba yenye watoto. Napendekeza kura hiyo itolewe kwa sharti lililoandikwa ndani ya azimio lenyewe: kila shambulio kwenye makazi lifuatwe na uchunguzi usiofanywa na aliyeshambulia, matokeo yatangazwe, na familia iliyofiwa, iwe ya nani, iwe na mahali pa kupeleka madai ambapo mlango haufungwi kwa neno kinga.