Ahadi ya Nyumba: Familia Iliyo Nje Inaingiaje Ndani?

Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi kwenye kikao cha mtaa, mbele ya vijana, kina mama wa chama na wazee wachache. Wengi mmeomba niyaweke hapa, na nimeyaacha jinsi yalivyotoka mdomoni. Sheria ya uzi ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama cha siasa. Ukileta jina kwenye majibu, nitakuruka.

Haya, twende.



Siku hizi hakuna mdahalo wa siasa unaoisha bila nyumba kutajwa. Upande mmoja unasema, "Tumejenga, si mnaona yale maghorofa?" Upande wa pili unajibu, "Toeni mkono kwenye mishahara yetu!" Watu wanapiga makofi, wengine wanazomea, halafu mwendesha mdahalo anarukia swali la barabara. Sasa mimi leo nataka tuongee kuhusu mtu ambaye pande zote mbili humsahau. Ni mama mwenye watoto watatu ambaye usiku wa leo hana mlango wa kufunga. Huyo atatoka wapi, apitie wapi, hadi awe na nyumba ambayo mwaka kesho bado yuko ndani?

1. Kwanza, nani hana makao?

Ukisema "hana makao," wengi tunamfikiria chokoraa wa mjini. Sensa ya familia za mtaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini. Ni wengi. Lakini hesabu hiyo haimpati yule aliyelala kwa shemeji miezi minne, watu tisa chumba kimoja. Haimpati aliyebomolewa akasimamisha hema la nailoni palepale nyumba ilipokuwa. Wala aliyefungiwa mlango na mwenye ploti kwa deni la miezi miwili, vyombo vikabaki ndani.

Na ndivyo familia nyingi huanguka. Si siku moja. Kibarua cha mjengo kinakatika, mtoto anaugua, kodi ya mwezi wa kwanza inasukumwa hadi wa pili, kisha kufuli. Mkishatolewa, anwani imepotea. Mteja wa kufua nguo hajui pa kukupata. Mtoto anakosa shule kwa sababu mmehamia mbali. Deni la shilingi elfu chache limewamaliza.

Na tufanye hesabu ya kurudi ndani, ya mfano tu. Chumba cha mabati cha shilingi 4,000 kwa mwezi. Mwenye ploti anataka kodi ya mwezi wa kwanza na dipositi: hiyo ni 8,000 mkononi, siku moja. Ongeza godoro, jiko, sufuria na pesa ya kubeba mizigo. Yule mama angeweza kulipa 4,000 kila mwezi, pengine kwa shida, lakini angeweza. Kitu hana ni ile 8,000 ya siku moja. Watu hawaelewi hili, ndiyo maana mtu anauliza, "Kama anafanya kazi, kwa nini analala nje?"

2. Pili, sheria inasema nini?

Manake mheshimiwa akiahidi nyumba huongea kama anagawa unga wake. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao yanayofikika na ya kutosha. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya makazi. Hizo ni haki, si zawadi ya kampeni.

Kuhusu kubomolewa, Sheria ya Ardhi ilirekebishwa mwaka 2016. Huwezi kufurusha watu bila ilani ya angalau miezi mitatu, hata kama ardhi si yao. Siku yenyewe, maafisa wajitambulishe na waonyeshe idhini rasmi, mali ya watu ilindwe, na wanyonge kama watoto, wazee na wenye ulemavu wapewe nafasi maalum. Na Januari 2021, katika kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, waliobomolewa Novemba 2011, Mahakama ya Juu ilisema watu wasio na makao waliokaa kwenye ardhi ya umma kwa muda mrefu wanapata haki ya makazi inayolindwa, hata kama hawana hati. Mahesabu ni yenu: kutoka 2011 hadi 2021, miaka kumi. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza alishamaliza la nane.

Kwa hivyo sheria tunayo. Lakini sheria haifiki kwenye hema peke yake. Lazima mtu aipeleke.

3. Tatu, makato na maghorofa.

Hapa ndipo kelele huwa nyingi. Sheria ya nyumba za bei nafuu ilitiwa saini Machi 2024. Mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Wewe unaweza kuipenda au kuichukia, hiyo ni haki yako. Mimi nataka uangalie kitu kimoja ndani yake. Sheria hiyo inagawa nyumba kwa mapato. Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi yuko kwenye kundi la nyumba za kijamii. Kuanzia 20,000 hadi 149,000 ni nyumba za bei nafuu. Juu ya hapo ni kundi lingine.

Sasa mama yetu yuko wapi? Yuko kundi la kwanza, tena chini kabisa. Kwa hivyo ukisikia idadi ya nyumba, swali si "ni ngapi" tu. Uliza ngapi ni za kundi la kwanza. Uliza pia, mtu anayelipwa kwa siku, leo 500, kesho hakuna, analipa vipi kitu kinachotaka amana na malipo ya kila mwezi? Wanaopinga makato nao waulizwe: mkiyafuta, fedha za nyumba za huyu mama zitatoka mfuko gani? Wote wawili wakae kwenye kiti.

4. Nne, "wakipewa nyumba wanakodisha na kurudi mabandani."

Hii mmeisikia. Ni hoja inayopigiwa makofi sana, na ina ukweli kidogo, kwa hivyo tusiikimbie. Mwaka 2009 wakazi wa sehemu ya Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa maghorofa ya Lang'ata ili kwao kujengwe upya. Ilikuwa iwe ya muda. Nyumba 822 za Kibera zilikuja kukabidhiwa mwaka 2016. Katikati hapo, kuna waliokodisha vyumba vyao vya Lang'ata wakarudi walikotoka.

Ni wajinga? Hapana. Kama unauza mahamri asubuhi mlangoni pako, ghorofa ya nne hakuna mlango wa kuuzia. Bili za maji na stima zinakuja kwa jina lako, wakati zamani ulinunua mtungi kwa mtungi kulingana na mfuko wa siku hiyo. Yule jirani aliyekuwa anakuangalilia mtoto amepewa ploti nyingine. Mtu anapiga hesabu na kuona kwamba chumba kinaweza kumletea kodi, na banda lile linamweka karibu na kazi. Nyumba imara ni ile ambayo mtu akiwa ndani maisha yake bado yanaenda. Mipango mingi imesahau sehemu hiyo.

5. Tano, jamii inafanya nini?

Kina mama, hapa naingia kwenu. Muungano wa Wanavijiji ulianza 1996, wakati watu wa mitaa ya mabanda walikuwa wakipigana na ubomoaji. Baadaye wakaongeza silaha nyingine: vikundi vya akiba. Shilingi kidogo kidogo, daftari, na majirani wanaojuana.

Kambi Moto kule Huruma ni mfano mzuri. Wakazi walijihesabu wenyewe, nyumba kwa nyumba, wakajua nani mwenye banda na nani mpangaji. Hao wawili huwa na vita kila mahali, na ilibidi wakae chini wakubaliane kwanza. Mwaka 2003 wakafikia makubaliano na baraza la jiji kuhusu ardhi. Wakaanza kujenga nyumba ndogo za mawe zinazopanda juu: unaanza na chumba cha chini, ukipata unaongeza ghorofa. Wengi walijenga na akiba yao pamoja na mikopo ya pamoja, na mikono yao. Hawakuhamishwa mbali. Jirani alibaki jirani.

Mukuru nayo. Mwaka 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru eneo maalum la mipango, na hapo tunaongelea zaidi ya kaya 100,000. Utawauliza vipi watu wote hao? Walipangwa kwa makundi ya kaya kumi kumi, kila kundi na mwakilishi, maoni yakipanda kutoka vichochoroni hadi kwa wapangaji wa miji. Lakini msidhani mpango ni ngao. Novemba 2021 makumi ya maelfu ya watu walibomolewa Mukuru kwa Njenga kwa ajili ya barabara, na wengi wakalala kwenye mahema mvua ikinyesha. Mpango mzuri bila ulinzi wa sheria ni karatasi.

Kwa hivyo chama cha mtaa kinaweza kufanya mambo matatu ambayo ofisi haiwezi. Kinajua nani aliishi wapi, kwa hivyo orodha ikija na majina ya watu wa mbali, nyinyi mtayaona siku hiyo hiyo. Kinaweza kumkopesha mtu ile 8,000 ya siku moja, arudishe polepole. Na kinamfuata mtu akishaingia: amelipa mwezi wa pili? Watoto wamerudi shule? Anaumwa? Familia ikiyumba mwezi wa tatu, jirani anajua kabla ya kufuli.

Lakini tusidanganyane. Chama hakiwezi kuchimba mtaro wa maji taka. Hakiwezi kutoa hati ya ardhi. Hakiwezi kuchangia kila mtu kwenye WhatsApp milele wakati wachangaji wenyewe wako na deni la duka. Kiongozi akikwambia "jamii isaidiane," mwambie sawa, sisi tunasaidiana tangu zamani, wewe unaleta nini? Na kuna ubaya mwingine: vikundi vyetu pia huacha watu nje. Mpangaji mpya, mgeni kutoka kabila lingine, msichana mwenye mtoto asiye na mume. Kama daftari lenu halina hao, basi hamjahesabu mtaa, mmehesabu marafiki.

6. Sita, pesa za dharura.

Mafuriko ya 2024 yalipita, kisha nyumba za kando ya mito zikabomolewa. Mei mwaka huo serikali iliahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyohamishwa. Rudini kwenye hesabu yetu. Kodi na dipositi ni 8,000. Inabaki 2,000 ya godoro, chakula na kubeba vitu, na hapo ni kama vyumba vya karibu havijapanda bei, na vilipanda vipi visipande, maelfu wakitafuta wiki moja? Pesa hiyo inaweza kumwingiza mtu ndani mwezi mmoja. Mwezi wa pili ni nani yuko naye? Hapo ndipo pesa ya serikali na kikundi cha mtaa vingekutana, na mara nyingi havikutani.

7. Sasa mkienda kwenye mikutano.

Wacha niwaachie maswali matano. Yaandikeni kwenye simu.

Moja: katika nyumba unazoahidi, ngapi ni za anayepata chini ya 20,000, na ziko wadi gani?
Mbili: mtu wa kibarua atalipa vipi, na akikosa miezi miwili nini kinatokea?
Tatu: orodha ya watakaopata itabandikwa wapi tuione?
Nne: kabla ya tingatinga, ilani ya miezi mitatu itatoka, na familia zitalala wapi usiku wa kwanza?
Tano: umetenga kiasi gani kwenye bajeti, si kwenye hotuba, cha kuwarudisha ndani waliokwisha kutolewa?

Akijibu kwa wimbo, rudia swali. Akijibu kwa nambari, iandike, na tarehe.

Na nyinyi wa vikundi, kabla ya kusubiri mheshimiwa, wiki hii fungueni ukurasa mmoja kwenye daftari. Andikeni kila familia ya mtaa huu isiyo na mlango, hata ile msiyoipenda. Mkiwa na orodha hiyo, mwakilishi wa wadi hatawaambia kwamba hao watu hawapo.



(Mwisho wa hotuba. Wanauzi, kama mtaa wenu una kikundi ambacho kimewahi kuirudisha familia ndani, tuambieni kwenye majibu mlifanya vipi: dipositi ilitoka wapi, na mwezi wa pili ulienda aje. Kesho jioni tunaingia kwenye hoja ya bei ya maji mitaani.)