Vita vya Usubi na Daftari la Wanachama



Katika milima ya Usambara, wilayani Muheza, Korogwe na Lushoto, wakulima wa chai, iliki na mahindi wameujua usubi kwa miaka mingi. Mwasho wake humnyima mtu usingizi. Ngozi hukunjamana na kuwa nene, na miundi huota mabaka meupe. Hatimaye ugonjwa huweza kufika machoni. Mkulima aliyekesha akijikuna hana nguvu za kulima asubuhi, na hasara hiyo huonekana kwenye mizani ya chama.

Chanzo chake ni minyoo ienezwayo na inzi wadogo weusi, waumao mchana na kuzaliana katika mito iendayo kasi. Katika Usambara, viluwiluwi vya inzi hao hujishikiza juu ya kaa wa mtoni. Minyoo mizazi hukaa katika vinundu chini ya ngozi, na watoto wake wasiohesabika ndio waletao mwasho.

Dawa ipo, nayo ni ivermectini. Tangu mwaka 1987 kampuni ya Merck ya Marekani huitoa bure kwa ugonjwa huu. Mgawa dawa, aliyechaguliwa na kijiji, hupima kimo cha mtu ndipo ahesabu vidonge. Wajawazito, wagonjwa mahututi na watoto wasiofikia sentimita 90 hawapewi.

Lakini hapana budi jambo moja lieleweke. Dawa hii huua watoto wa minyoo. Mnyoo mzazi hubaki, naye huweza kuishi miaka 10 hadi 15. Amezaye mwaka huu akaacha mwakani, mwasho humrudia. Na asiyemeza kabisa huwa ghala la minyoo kwa jirani zake. Ili usubi ukome, yatakiwa angalau asilimia 80 ya wanaostahili wameze, mwaka hadi mwaka. Mwezi Januari 2025 Shirika la Afya Duniani liliitambua Niger kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuukomesha.

Wapo wanaokosa dawa si kwa ukaidi, bali kwa kuwa wako shamba siku apitapo mgawa dawa. Hapo ndipo katibu anapohitajika. Anazo siku za kupima mazao na za mkutano mkuu. Yafaa mgawa dawa apewe nafasi siku hizo. Analo pia daftari la wanachama. Majina ya wasiofika na yafuatwe kama yafuatwavyo madeni. Hesabu za chama hazifungwi kwa kukisia, wala hesabu hii haitafungwa hivyo.