MTOTO ASINYIMWE LUGHA YA BIBI YAKE

(Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya wazazi, akina mama na vijana wa tawi letu. Tumeombwa yapigwe chapa ili wasiohudhuria nao wayapate.)



Tumeitwa kusema juu ya malezi, nasi tumechagua kipande kimoja tu cha malezi, nacho ni lugha. Tunauliza hivi: mtoto anayezaliwa mjini, ambaye baba yake ni Msukuma, mama yake ni Msambaa, jirani yake ni Mzaramo, na shuleni anangojwa na Kiingereza, asemeshwe lugha gani nyumbani? Wengi hujibu kwa mkato, "Lugha moja yatosha." Sisi tumekuja kusema kwamba haitoshi, na kwamba mtoto aweza kubeba lugha tatu bila ya kuelemewa, mradi wakubwa wake wajue namna ya kumtwisha.

Hatusemi haya kwa kujisifu. Twasema kwa sababu tulikosea.

Mtoto wetu wa kwanza tulimlea kwa Kiswahili peke yake, pamoja na Kiingereza kidogo cha kubabaisha siku za wageni, ili tuonekane watu walioendelea. Kisukuma tulikiacha kwenye stesheni ya Mwanza siku tulipopanda gari moshi. Kisambaa cha mama yake hakikupewa hata pembe ya jiko. Kisha bibi yake, mzaa baba, akaja Dar es Salaam kukaa nasi. Asubuhi ya kwanza akamwambia mjukuu wake, "Mwangaluka." Mtoto akatugeukia sisi, kama mtu aliyesemeshwa na mgeni anayetaka mkalimani.

Jioni moja bibi alishikwa na homa, nasi tulikuwa tumetoka. Akaomba minzi, yaani maji. Mtoto, naye ana miaka minane, akaleta shuka. Bibi akaomba tena. Mtoto akaleta taa. Mtungi ulikuwa hatua tatu tu kutoka kitandani. Tuliporudi tulimkuta mtoto analia mlangoni, na bibi midomo imemkauka. Mzee yule hakukasirika. Alisema tu kwamba amesafiri kuja kumwona mjukuu, na amemkuta mgeni.

Ndugu zangu, neno hilo lilituingia. Tukaanza kujiuliza: ni nani aliyetufundisha kuionea haya lugha ya mama yetu?

KIBAO CHA SHINGONI

Shule tuliyosoma hatutaitaja. Huko, mtoto aliyesikika akisema lugha ya kwao alivikwa kibao shingoni. Alikivaa mpaka amkamate mwenziwe katika kosa hilo hilo, amvishe yeye. Na aliyekutwa nacho jioni alichapwa viboko. Hivyo tukajifunza mambo mawili kwa pamoja: kusema kwa hofu, na kuwapeleleza ndugu zetu.

Bendera ya mkoloni ilishushwa usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Walakini kibao kile baadhi yetu hatukukitupa, tulikihamishia nyumbani. Wako wazazi wanaomkemea mtoto kwa sababu amesema kilugha mbele ya wageni. Wako wengine, kwa aibu kubwa zaidi, wanaomkemea kwa sababu amesema Kiswahili, wakitaka aseme Kiingereza hata pale anapoomba ugali! Hiyo si elimu. Hiyo ni kasumba.

LUGHA SI UKABILA

Tunajua kwamba hapa wapo ndugu watakaosema, "Jihadharini! Mkirudisha lugha za makabila mtarudisha ukabila." Hoja hii ina uzito, na hatuipiti pembeni. Chama cha TANU kilipozaliwa Julai 7, 1954, nchi ilikuwa na lugha zaidi ya 100, na Kiswahili ndicho kilichomwezesha Mhaya kumwelewa Mmakonde katika mkutano mmoja. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Na mwaka 2021 UNESCO ikaifanya tarehe hiyo hiyo, Julai 7, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kiswahili ndicho kilichotufanya kuwa taifa, nasi hatukipunguzii heshima yake hata kidogo.

Lakini ukabila ni nini? Ukabila ni kumnyima mtu kazi, au haki, au mke, kwa sababu hakutoka kwenu. Bibi anapomhadithia mjukuu wake kando ya moto, amemnyima nani haki? Mtazameni Mwalimu Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akalelewa kwa Kizanaki. Shule aliianza Musoma akiwa na umri wa miaka 12. Kizanaki hakikumzuia kuwaunganisha watu wa nchi hii kwa Kiswahili. Wala Kiswahili hakikumzuia kukijua Kiingereza, hata akaufasiri mchezo wa Shakespeare wa Juliasi Kaizari mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Lugha tatu zilikaa katika kichwa kimoja, na hakuna iliyomfukuza mwenziwe.

Linalotakiwa ni adabu. Mkutanoni, ofisini, dukani na barazani, lugha yetu ni Kiswahili. Na hata nyumbani, akiingia mtu asiyejua kilugha chenu, badilisheni mara moja, kwa maana kumsema mgeni mbele yake asisikie ni utovu wa adabu. Mtoto akifundishwa sheria hiyo tangu udogo, lugha yake haitamdhuru mtu.

JE, MTOTO HATACHANGANYIKIWA?

Hofu ya pili ya wazazi ni kwamba lugha nyingi humpumbaza mtoto. Kuna Mfaransa mmoja, Jules Ronjat, ambaye mkewe alikuwa Mjerumani. Walipopata mtoto, Louis, wakapatana hivi: baba amsemeshe Kifaransa siku zote, na mama Kijerumani siku zote. Baba akaandika kila hatua ya mtoto, na kitabu chake kikatoka mwaka 1913. Mtoto yule alizijua lugha zote mbili kama wenyewe wanavyozijua.

Mwaka 1962 wataalamu wawili, Elizabeth Peal na Wallace Lambert, waliwapima watoto wa miaka 10 huko Montreal, Kanada. Wale waliojua sawasawa Kifaransa na Kiingereza hawakuwa nyuma ya wenzao wa lugha moja, walikuwa mbele. Wataalamu wa baadaye wamebishana kama faida hiyo ya akili ni kubwa au ndogo, lakini ile hofu ya zamani, ya kwamba lugha ya pili huharibu ubongo wa mtoto, imekosa mguu wa kusimamia.

Ni kweli kwamba mtoto mdogo huchanganya, akachukua neno la baba na neno la mama akayafunga katika sentensi moja. Msishtuke. Anatumia alicho nacho, kama fundi atumiavyo kifaa kilicho karibu. Ni kweli pia kwamba katika kila lugha aweza kuwa na maneno machache kuliko mwenziwe wa lugha moja. Basi hesabuni maneno ya lugha zote pamoja, mtaona hakupungukiwa.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Wahindi wengi wa Dar es Salaam wanasema Kigujarati au Kikachi nyumbani, kizazi baada ya kizazi, na Kiswahili wanakijua. Wazanzibari waliohamia Oman baada ya mwaka 1964 walikuta nchi ya Kiarabu. Hata hivyo Kiswahili kimeendelea kusikika katika nyumba zao huko Muscat. Hakikulindwa na serikali. Kililindwa na akina mama jikoni.

NAMNA YA KUFANYA

Kwanza, kila mtu ashike lugha yake. Sisi tulipomzaa mtoto wa pili tulipatana: baba amsemeshe Kisukuma, mama Kisambaa, na Kiswahili kiwe cha wote mezani na cha mtaani. Kiswahili hakina shida; mtoto atakiokota mlangoni.

Pili, msichoke mtoto anapojibu kwa Kiswahili. Atajibu hivyo mara nyingi. Msimpige wala msimfokee, msije mkamvisha kibao kwa mkono mwingine. Yarudieni maneno yake kwa lugha yenu, kisha mazungumzo yaendelee.

Tatu, mtoto asichekwe. Shangazi akimcheka mara moja kwa kukosea neno, mtoto atafunga mdomo mwaka mzima.

Nne, lugha ipewe kazi. Haiwezi kuishi kwa salamu tu. Mtoto atumwe kwa lugha hiyo, ahesabu, ategewe vitendawili, afundishwe majina ya jamaa zake. Likizo aende kijijini, akacheze na watoto wa umri wake, kwa maana mtoto hufundishwa zaidi na mtoto mwenziwe. Asiyeweza kusafiri ampigie bibi simu kila wiki.

Tano, Kiingereza kisidharauliwe, maana bado ndicho kinachofundishia katika shule zetu za sekondari. Lakini mzazi asiyekijua vizuri asimlishe mtoto Kiingereza chake kibovu. Amtafutie kitabu kizuri na mwalimu anayekijua. Yeye mwenyewe ampe mtoto lugha aliyo nayo kamili, ile anayoweza kumbembelezea, kumwonyea, na kumfariji akiwa mgonjwa.

Na mzazi asiseme, "Wangu amekwisha kuwa mkubwa, tumechelewa." Yule mtoto wetu wa kwanza tulimpeleka kwa bibi yake likizo mbili. Ya kwanza alikuwa akilia kwa kuchekwa. Ya pili alirudi anasema kwa kukwamakwama, lakini anasema. Bibi aliishi hata akamsikia mjukuu wake akimwamkia mwenyewe asubuhi, bila ya kuambiwa na mtu. Hakuishi hata akamsikia akitega kitendawili. Sehemu hiyo tuliipoteza kwa upumbavu wetu, na hakuna duka linaloiuza.

Ndugu wananchi, tuliipigania nchi hii ili tuwe na chetu. Mtu hawi na chake kwa kukitupa. Kiswahili ni nyumba yetu sote. Lugha za bibi zetu ni akiba iliyomo ndani ya nyumba hiyo. Leo usiku mkirudi makwenu, mwanzeni mtoto kwa neno moja. Mwambieni maji yanaitwaje kwa lugha ya bibi yake.

Uhuru na Umoja!