Sanduku nyekundu haikuliwa na mtu

Maneno tuliyosema mbele ya vijana, Nundu



Mulituomba tuongee juu ya masomo ya aktuari, yenye tunasoma sisi wenyewe, bila mwalimu na bila chuo. Tuseme ukweli kwanza: hatujakuwa maaktuari bado. Tulianza watano. Wawili kati yetu wamepita mtihani wa kwanza, mmoja alichoka akaacha, wawili wangali wanajitayarisha. Mitihani yenye inabaki ni mingi. Lakini kuna mambo tuliona njiani, na hatutaki kuyaweka kwetu peke yetu.

Aktuari ni nani? Ni mtu wa hesabu mwenye anapima ahadi. Kampuni ya bima, asiransi vile tunasema huku, inakuambia: lipa kidogo kidogo, siku shida ikikupata tutakusaidia. Aktuari anauliza: hiyo pesa itatosha kweli? Na isipotosha, nani atalia?

Sisi hatukuanza juu ya kampuni. Tulianza juu ya bamama zetu.

Munajua muso. Kuna sanduku ya kijani kwa kukopeshana, kuna sanduku nyekundu kwa kusaidiana wakati wa shida. Katika muso moja ya huku kwetu, wanamemba walikuwa 30. Kila juma kila mtu aliweka franka 500 katika sanduku nyekundu. Mtu akifiwa nyumbani, alipewa franka 100.000. Mwaka wa kwanza kulikuwa vifo 6. Pesa ikabaki, wakaigawanya wakati wa Noeli, kila mtu akafurahi. Mwaka wa pili vifo 9, wakaazima kwenye sanduku ya kijani. Mwaka wa tatu vifo 12. Sanduku ikakauka. Kuna mama alizika mtoto wake bila kupata hata franka moja.

Basi maneno yakaanza. Wengine walisema ni uchawi. Wengi walisema mama mwenye kushika kaye ndiye alikula pesa. Mama wa watu akaacha kwenda soko, akaacha kuimba kanisani.

Sisi tulichukua ile kaye, tukakaa chini. Watu 30, mara franka 500, mara majuma 52: ni franka 780.000 kwa mwaka. Vifo 6, 9 na 12 ni 27 kwa miaka 3, maana yake 9 kila mwaka. Vifo 9 vinaomba franka 900.000. Kila mwaka wa kawaida kulikosa franka 120.000, hata kama watu wote ni waaminifu kama malaika! Tena ile baki ya mwaka wa kwanza, franka 180.000, ndiyo ingesaidia mwaka wa pili, lakini ilikuwa imekwisha kuliwa. Na sisi wote tulikula, ilikuwa mchele wa Noeli.

Na ule mwaka wa vifo 12? Katika masomo yetu kuna hesabu moja inaitwa Poisson. Inasema hivi: kama kwa kawaida munapoteza watu 9 kwa mwaka, kufikia 12 ao kupita haiko ajabu. Inaweza kutokea karibu mwaka mmoja katika mitano. Haiko uchawi. Haiko wizi. Ni kitu chenye tulipaswa kungojea, na hatukukingojea.

Tulienda kusoma ile hesabu mbele ya wanamemba, namba kwa namba, kwa Kiswahili na kwa Kibembe. Ilichukua mchana mzima. Kisha wakaamua: franka 600 kila juma, na baki ya sanduku nyekundu haigawanywe tena. Mama alirudishiwa kaye yake. Kumuomba musamaha, wengine walimuomba, wengine mpaka leo hawajamuomba.

Sasa, masomo yenyewe. Tunawaambia mambo manne.

La kwanza: anza na swali lenye linakuuma. Mtu mwenye alituacha alikuwa na akili kutushinda sisi wote, lakini alitaka tu mshahara wa Kinshasa. Hiyo haiko mbaya. Tangu sheria namba 15/005 ya tarehe 17 mwezi wa tatu 2015, SONAS haiko tena peke yake katika mambo ya bima, makampuni mengine yaliingia, na ARCA inawasimamia. Kazi inaweza kuwa huko. Lakini mshahara wa kesho haukuamshi saa kumi ya usiku kusoma na tochi ya telefoni.

La pili: kusoma haiko kujua. Miezi ya kwanza tulikuwa tunasoma kurasa, tunasema “ndiyo, tumeelewa”. Uongo. Mtihani wa kwanza wa Society of Actuaries ya Marekani, ule wa uwezekano, uko na maswali 30 kwa masaa 3: dakika 6 kwa kila swali. Wanaweka maswali ya mazoezi kwenye intaneti bila malipo. Tulienda kuyachukua mara moja, tukayaweka kwenye fleshi, tukatoa fotokopi, tukarudi nayo. Tangu hapo ilikuwa biki, karatasi na saa mezani. Ukikosa, unaandika juu ya nini ulikosa.

La tatu: Kiingereza kisikuogopeshe, lakini usikidharau. Sisi tulisoma hesabu kwa Kifaransa mpaka Egzetat. Tulikosa maswali yenye tulijua kuhesabu, juu ya kutoelewa neno moja tu, kama “angalau” na “si zaidi ya”. Tuliandika maneno hayo kwenye kaye: Kiingereza, Kifaransa, Kiswahili. Ile kaye ndogo ilitusaidia kupita vitabu vikubwa.

La ine: kusoma peke yako haiko kusoma bila watu. Mtihani unalipwa zaidi ya dola 200, bila kuhesabu njia mpaka Nairobi. Pesa hiyo ilitoka katika sanduku ya kijani, mkopo wa bamama wale wale. Mara ya kwanza mmoja wetu alipata 5, na kupita ni 6. Alirudi na deni na aibu. Tulipomuona anajificha, tukakumbuka mama wa kaye. Tukamfuata nyumbani. Ni yeye sasa anafundisha wengine.

Kuna kitu kimoja hatuwezi kutatua na biki yetu. Hesabu yote ya aktuari inasimama juu ya kujua watu wangapi wanazaliwa, wangapi wanakufa, na kwa umri gani. Mwaka 1693 mwanasayansi Edmond Halley alitengeneza jedwali la vifo la mji wa Breslau. Aliweza juu pasta mmoja wa huko, Caspar Neumann, alikusanya majina ya wenye walizaliwa na wenye walikufa. Pasta na kaye, basi! Na sisi? Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika 1984. Wengi wenu hapa hamukuwa mumezaliwa. Mtu wetu anakufa, tunalia, tunazika, hakuna mahali jina linaandikwa. Serikali yenye haijui wangapi wanakufa, itajuaje kama dawa ilifika ao haikufika?

Tena kuna vifo vyenye haviji kimoja kimoja. Kumbukeni Sange, tarehe 2 mwezi wa saba 2010: gari la mafuta lilianguka, likashika moto, watu zaidi ya 200 wakafa. Mbele ya siku kama hiyo, sanduku ya watu 30 haina nguvu, hata wakilipa franka 1.000. Dawa yake ni masanduku mengi kushikana: ya Nundu, ya Mboko, ya Baraka, kila moja kuweka kidogo katika mfuko mmoja wa pamoja. Makampuni makubwa ya bima yanafanya vile kati yao. Na sisi tunaweza.

Ndiyo maana hatutaki murudi nyumbani na makofi tu. Juma hii, kila kundi ishike kaye moja. Muandike: jina la avenue, umri, tarehe, kama ni kuzaliwa ao kufa. Muombe wachungaji na bachefu wa mitaa wasaidie. Musiandike sababu yenye munawaza, muandike yenye munajua. Kila mwisho wa mwezi tutakutana hapa tuhesabu pamoja, na ile kaye tutaipeleka kwa wakubwa wa kiserikali, tuwaulize wao wameandika ngapi.

Wenye wanapenda kujaribu mtihani, fotokopi ziko kwetu. Leteni biki.

Tuko pamoja.